Kabla Hujakaza Nati: Hotuba kwa Wapigaji wa Gitaa la Stili la Pedali

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya mkutano wa wapigaji wa gitaa la stili la pedali, yaani lile gitaa linalosimama kwa miguu kama meza, ambalo noti za nyuzi zake hupandishwa na kushushwa kwa pedali za miguuni na wenzo za magotini. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyokuwa ukutani nimeiacha. Palipohitaji mchoro nimeongeza sentensi moja au mbili.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu mliotutangulia, ndugu wapigaji, nawasalimu nyote.

Naomba nianze kwa swali ambalo sitaki mtu alijibu kwa sauti. Ni wangapi kati yetu ambao gitaa lao halijawahi kulazwa chali tangu siku lilipoingia nyumbani? Naona baadhi yenu mnatazama viatu vyenu. Msione haya, kwa sababu mimi mwenyewe nililipiga langu miaka minne kabla ya kuthubutu kuligeuza, na nilipoligeuza nilikuta chini yake karakana nzima ambayo nilikuwa nikiikanyaga kila siku bila kuijua: ekseli, fimbo, springi, nati, na vumbi la miaka minne.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kulirekebisha na kulitunza gitaa hili kwa mkono wako mwenyewe. Wapo watakaosema kwamba kazi hiyo ni ya fundi. Nami nauliza, fundi wa kwanza wa chombo hiki alikuwa nani? Ni kweli kwamba mwaka 1948 Paul Bigsby alimtengenezea mpigaji Speedy West gitaa lenye pedali, na Bigsby alikuwa fundi hasa. Lakini mwaka 1954, baada ya watu kuisikia rekodi ya mwimbaji Webb Pierce ambamo mpigaji Bud Isaacs alikanyaga pedali huku nyuzi zikiwa bado zinalia, na noti zikapanda ndani ya kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, masikioni mwa msikilizaji, wapigaji wenyewe ndio walioanza kuyafungua magitaa yao ili wapate sauti ile. Pedali ya Isaacs ilifanya mabadiliko yote kwa pamoja. Buddy Emmons, naye mpigaji, akaigawa kazi hiyo kwa pedali mbili, ndizo hizi tunazoziita A na B, na pamoja na Shot Jackson, mpigaji mwingine, akaanzisha kampuni ya kutengeneza magitaa iliyoitwa Sho-Bud, jina lililoungwa kutokana na majina yao wawili. Basi anayeligeuza gitaa lake chali hajaingilia kazi ya watu. Amerudi kwenye kazi iliyokuwa ya wapigaji tangu mwanzo.

Sasa, ndugu zangu, jambo la kwanza, na ndilo nitakalokaa nalo sana: usiguse nati mpaka umeijua njia. Njia ipi? Njia ambayo nguvu ya mguu wako huipita mpaka ikaufikia uzi. Unakanyaga pedali, pedali inavuta fimbo ya wima, fimbo hiyo inazungusha ekseli iliyolala chini ya tumbo la gitaa, juu ya ekseli umefungwa mkono mdogo wa chuma wenye matundu, mkono huo unaivuta fimbo ndefu nyembamba kuelekea kushoto kwako, fimbo inakivuta kidole cha kibadilishi, yaani kile kipande cha chuma ambacho uzi umepita juu yake, kidole kinageuka, na uzi unakazwa au unalegezwa. Mwisho wa fimbo, kwenye ubavu wa gitaa, ipo nati ndogo ya nailoni, nayo ndiyo ambayo sote tunaifahamu kwa sababu ndiyo pekee inayoonekana bila kupiga magoti. Na kwa kuwa ndiyo inayoonekana, ndiyo inayosingiziwa.

Nitawasimulia kosa langu. Nilikuwa napiga kila wiki katika bendi, kwa tyuni ya E9, yaani mpangilio mmojawapo wa noti za nyuzi kumi, kama wengi wenu. Wote mnajua kwamba pedali B huzipandisha nyuzi za 3 na za 6 kutoka G shapu hadi A. Usiku mmoja, nikikanyaga B, nyuzi zote mbili zikawa zinaishia chini kidogo ya A. Nikafanya nini? Nikakaza nati. Robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, noti zikafika, wimbo ukaendelea. Wiki iliyofuata zikapungua tena, nikakaza tena. Wiki ya tatu nikaona ajabu: nikiiachia pedali, nyuzi zilizo wazi zinasoma juu ya G shapu. Nikaenda kichwani mwa gitaa, nikazishusha kwa funguo za kukazia nyuzi. Nilipozishusha, noti za pedali nazo zikashuka. Nikarudi kwenye nati, nikakaza. Nilipokaza, nyuzi za wazi zikapanda. Nikarudi kichwani. Ndugu zangu, usiku ule nilikuwa kama mbwa anayekimbiza mkia wake, tena mbele ya watu waliokuwa wametoa kiingilio.

Kesho yake nilimpelekea gitaa mwalimu wangu, mzee ambaye hakuwa na maneno mengi. Hakugusa nati hata moja. Aliniuliza, "Ni uzi mmoja au zote mbili?" Nikamwambia, zote mbili. Akasema, "Basi kwa nini unatafuta mahali zilipoachana? Tafuta mahali zilipo pamoja."

Tafuta mahali zilipo pamoja. Uzi wa 3 una fimbo yake na nati yake, na wa 6 una zake. Ikiwa zote mbili zimeharibika siku moja na kwa namna moja, ubaya hauwezi kuwa kwenye nati mbili zilizokubaliana kulegea. Uko kwenye kile wanachoshiriki, yaani pedali yenyewe, fimbo yake ya wima, au ekseli. Aliligeuza gitaa chali juu ya blanketi, akashika ekseli kwa mkono wa kushoto, akabonyeza pedali kwa wa kulia, nami nikaona kwa macho yangu: mkono ule unaovutwa na pedali ulikuwa unateleza juu ya ekseli. Skrubu yake ndogo, isiyozidi punje ya mchele, ilikuwa imelegea. Pedali ilikuwa inafika mwisho wa safari yake huku ekseli ikiwa imezunguka pungufu, na mimi wiki tatu nilikuwa nikiyalipa mapungufu hayo kwa nati. Akaikaza skrubu kwa alenki, ule ufunguo mdogo wa pembe sita, akazirudisha nyuma nati zote nilizozikaza, tukatyuni upya. Dakika kumi na tano kwa jumla, na sehemu kubwa yake ilikuwa kuvihesabu na kuvirudisha vile viroborobo vyangu.

Kwa hiyo, kanuni ni ile aliyonipa mzee. Uzi mmoja ukikosea peke yake, fuata njia ya uzi ule: nati, fimbo, mkono wake, kidole chake. Nyuzi zote za pedali moja zikikosea pamoja, acha nati, nenda kwenye pedali na ekseli. Na zikikosea nyuzi zote za gitaa zima? Basi angalia kwanza kama hujaliacha juani, kwa maana chuma na mbao havipashwi joto kwa kiasi kimoja.

Jambo la pili limo ndani ya hilo la kwanza, nalo ni nafasi. Mafundi wa magari wana neno zuri, wanaiita plei: ule ulegevu mdogo ambao chombo lazima kiwe nao ili kifanye kazi. Pedali ikiwa imepumzika, shika fimbo kwa vidole viwili karibu na nati yake na uitikise. Je, inacheza kidogo, kiasi cha kusikika ikigonga? Ikicheza, ni nzima. Ikiwa imekakamaa kama uzi wa kuanikia nguo, basi nati imekazwa kupita kiasi, kidole hakipati kurudi nyumbani kwake, na uzi wa wazi utakuwa juu daima hata ukiutyuni usiku kucha.

Hapa naomba tuliangalie jambo kwa karibu, kwa sababu ndipo sikio linapoweza kukuambia ugonjwa kabla jicho halijauona. Tyuni uzi wa wazi. Upandishe kwa pedali, uachie, kisha usome umerudi wapi. Ukirudi juu ya pale ulipoanza, kidole cha kupandisha hakikufika nyumbani: ama fimbo haina nafasi, ama inakwaruza fimbo ya jirani, ama kibadilishi kimejaa uchafu. Ukirudi chini ya pale ulipoanza, geuza uso wako upande wa pili, kichwani, ukaitazame rola, kile kigurudumu ambacho uzi hupita juu yake. Uzi unapovutwa huteleza kidogo juu ya rola, na unapoachiwa unapaswa kuteleza kurudi; rola isiyozunguka huukamata njiani, na kipande unachokipiga kinabaki kimelegea. Toa uzi, izungushe rola kwa ncha ya kijiti cha meno. Isipozunguka, umempata mwizi. Kama rola ni nzima na uzi ni mpya, huenda mizunguko yake kwenye ufunguo ndiyo inayoendelea kujikaza. Na kwa wenzo wa goti unaoshusha, kama ule unaozishusha nyuzi za 4 na za 8 kutoka E hadi D shapu, uzi ukirudi chini ya ulipoanza, tazama springi ya kurudishia ya uzi ule, kwa kuwa ndiyo inayokirudisha kidole cha kushusha kwenye kituo chake. Springi dhaifu haiwezi kukifikisha. Springi yenye nguvu kupita kiasi nayo italifanya goti lako lijute.

Mnaona? Juu au chini, baada ya kupandisha au baada ya kushusha. Hayo tu, na nusu ya ugonjwa imejulikana.

Nije kwenye uzito wa pedali, kwa sababu najua wapo hapa wanaotoka mazoezini wakichechemea. Nilikuwa na mwanafunzi, binti mwenye sikio zuri kuliko langu, ambaye pedali A ilikuwa ikimtesa. Pedali hiyo huzipandisha nyuzi za 5 na za 10 toni nzima, kutoka B hadi C shapu, wakati B hupandisha nusu toni tu, kwa hiyo si ajabu iwe nzito kuliko B. Lakini ya kwake ilikuwa nzito mno, na tena uzi wa 5 ulikuwa ukifika kwenye C shapu wakati wa 10 bado uko katikati ya safari, hata ukikanyaga taratibu unasikia nyuzi mbili zinazogombana njiani. Alikuwa ameambiwa kwamba hivyo ndivyo gitaa lake lilivyo. Hivyo ndivyo lilivyo! Ndugu zangu, maneno hayo yamewaumiza watu magoti kuliko ngazi.

Tuliligeuza. Ule mkono wa ekseli una matundu kadhaa, na fimbo inaweza kufungwa kwenye lolote. Tundu lililo mbali na ekseli linaivuta fimbo safari ndefu kwa mzunguko uleule, kwa hiyo noti inafika upesi lakini mguu unalipa. Tundu lililo karibu na ekseli linavuta safari fupi, kwa hiyo mguu unapumzika lakini pedali lazima ishuke zaidi. Upande wa kibadilishi hesabu inageuka: fimbo ikifungwa mbali na mhimili wa kidole, noti inapanda polepole na kwa wepesi, ikifungwa karibu, inapanda haraka na kwa uzito. Fimbo ya uzi wake wa 5 ilikuwa kwenye tundu la mbali kabisa la mkono, bila sababu. Tuliisogeza tundu moja karibu na ekseli, tukairuhusu pedali ishuke kidogo zaidi kwa kukirekebisha kituo chake, tukailegeza nati ya uzi wa 10, uliokuwa sasa unavutwa kupita kiasi, kisha tukatyuni upya nyuzi zote mbili. Nyuzi zikaanza kusafiri pamoja na kufika pamoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyefanya kazi hiyo. Mimi nilishika tochi.

Nawasihi mambo mawili tu katika kazi hii. Piga picha kwa simu kabla hujafungua chochote, kwa sababu fimbo zote zinafanana zikiwa sakafuni. Na usogeze tundu moja, kisha ulisimamishe gitaa na ulipige. Anayesogeza matundu matatu kwa pamoja na gitaa likapona, hajui ni lipi lililoliponya.

Sasa uzi wa 3. Nilijua mngecheka.

Uzi huu ndio unaokatika kuliko wote, na wengi wetu tunaamini kwamba ni kwa sababu ya wembamba wake, inchi 0.011. Kijana mmoja alinijia na pakiti ya nyuzi nene zaidi akisema amepata dawa, na juma lililofuata akaja mwingine na nyuzi nyembamba zaidi, naye akiwa amepata dawa. Nyuzi za wote wawili zilikatika. Kwa nini? Kwa sababu uzi mtupu wa chuma, ukiwa na urefu uleule na ukapanda hadi noti ileile, mkazo unaokibeba kila kipimo cha chuma hicho ni uleule, uwe mnene au mwembamba. Urefu wa nyuzi zetu ni kama sentimita 61, na kwa urefu huo noti ya A ya hezi 440, ambayo pedali B inaudai uzi wa 3, iko karibu na ukomo wa chuma chenyewe. Hakuna pakiti itakayokuokoa na hilo. Uzi huo ubadilishe mapema, kabla haujakuchagulia siku.

Lakini tazama unapokatikia. Ukikatikia juu ya kidole cha kibadilishi, pale unapopinda, pitisha ukucha wako juu ya kidole hicho. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, basi uzi umekuwa ukisagwa pale kila unapokanyaga. Toa uzi, chukua msasa laini kabisa, usugue kwa kufuata mviringo wa kidole mpaka mfereji upotee, kisha ukimalizie kwa dawa ya kung'arishia chuma na ukifute kikauke. Fanya hivyo kwa subira, kwa maana chuma ulichokiondoa hakirudi.

Na mafuta? Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Grisi haina kazi ndani ya kibadilishi. Mafuta ya kupikia ndiyo kabisa, yanaganda kama gundi. Nimefungua kibadilishi ambacho mwenyewe alikuwa akikitia grisi kila mwezi kwa mapenzi makubwa, nikakuta vidole kumi vimeshikana kama ndugu msibani. Tulizitoa nyuzi, tukaenda nje penye hewa na mbali na moto wowote, tukadondosha kati ya vidole ile petroli nyepesi ya kujazia viberiti, tukawa tunakanyaga pedali na kufuta, kukanyaga na kufuta, mpaka uchafu uliotoka ukawa mweupe. Ndipo tukatia mafuta ya cherehani, tone moja kwa kila kidole, kwa ncha ya sindano. Tone moja. Lililobaki kwenye chupa libaki kwenye chupa.

Nimalizie na tyuna, kile kifaa cha kupimia noti, maana najua nikiiacha nitaulizwa mlangoni. Mpangilio ni huu: nyuzi za wazi kwanza kwa funguo za kichwani, kisha mapandisho kwa nati, kisha mashusho. Lakini ukizipeleka zote kwenye sifuri ya tyuna, utasikia kodi zako zinatetemeka. Mlio wa tatu wa kodi kubwa iliyo safi, kama G shapu ndani ya kodi ya E, uko karibu senti 14 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni) chini ya pale tyuna inapouweka. Ndiyo maana wapigaji wengi huzishusha nyuzi za G shapu kwa makusudi, na ile C shapu ya pedali A, na zaidi ya zote ile noti ya F inayopatikana goti linapozipandisha nyuzi za E, ambayo kwa kodi ya C shapu inaweza kutaka kushuka karibu senti 28. Je, ni lazima ushuke kiasi hicho chote? Mimi hushuka kama theluthi mbili, kwa sababu napiga pamoja na kinanda ambacho hakishuki. Mwalimu wangu alishuka mpaka mwisho na hakujali kinanda kilisema nini.

Na ukikanyaga A na B pamoja, uzi wa 4, ambao hauguswi na pedali yoyote kati ya hizo, ukashuka senti chache, usihangaike. Mwili wa gitaa umejikunja kidogo kwa mvuto ulioongezeka. Hilo halina nati.

Ndugu zangu, gitaa langu liko pale mezani, limelazwa chali juu ya blanketi, na alenki iko pembeni. Asubuhi ya leo nimelegeza skrubu moja kwa makusudi. Nyuzi mbili zinaishia chini ya pale zinapotakiwa, na zinakosea pamoja. Karibuni mje mmoja mmoja, na tafadhali, mikono mbali na nati.